Uzi mkavu, waya wa umeme au utepe wa kushushia: kamba ipi kwa setilaiti yako ndogo?

Makala haya ni ya timu ambayo imeshaamua kurusha setilaiti ndogo yenye kamba, ila bado inavutana ndani kwa ndani: kamba ya aina gani? Mtu wa fizikia anataka waya wa umeme, kwa kuwa ndio wenye sayansi nono. Fundi wa mitambo anataka uzi wa kawaida, maana anajua ukikwama lawama zitamwangukia yeye. Anayehangaika na vibali anasema kamba yoyote itakayokwenda angani iwe na kazi moja tu, kuishusha setilaiti ikishamaliza muda wake. Wote watatu wana hoja, na kila hoja imewahi kujaribiwa angani, nyingine kwa mafanikio na nyingine kwa aibu.

Kanuni yenyewe si ngumu. Funga vyombo viwili kwa kamba ndefu, kimoja kiwe juu na kingine chini, vyote vikiizunguka dunia pamoja. Cha chini kinataka kushuka, cha juu kinataka kupanda, na kamba iliyo katikati inakazwa na kusimama wima bila injini yoyote. Wanaanga wa Gemini 11, Pete Conrad na Richard Gordon, walifunga chombo chao na roketi ya Agena kwa kamba ya mita 30 mwaka 1966. Waitaliano Mario Grossi na Giuseppe Colombo wakaja na wazo la kamba za makumi ya kilomita katika miaka ya 1970, na wazo lao ndilo lililozaa mradi wa pamoja wa Italia na NASA. Mwaka 1992 setilaiti yao ilitakiwa itoke kilomita 20 kutoka chombo cha Atlantis. Ilitoka kama mita 260, ikakwama kwa sababu ya bolti iliyojitokeza kwenye mtambo wa kufungulia kamba. Mwaka 1996 walirudia kwa chombo cha Columbia: kamba ikafika kilomita 19.7, kisha ikakatika.

Hiyo ilikuwa miradi ya mataifa. Hapa nazungumzia miradi ya kilo chache, ile ambayo chuo kikuu au kampuni changa inaweza kuithubutu.

Tulinganishe kwa lipi?

Nimechukua vigezo sita, na kila kamba itapitishwa humo humo: kazi inayoifanya, ugumu wa kuifungua, obiti (njia ya kuizunguka dunia) inayoitaka, uendeshaji wake kutoka ardhini, kinachobaki mkononi ikikwama, na anayefaa kuichagua.

Kigezo cha tano ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na nitasema kwa nini. Ukisoma historia ya kamba za angani, nyingi hazikushindwa na anga. Zilishindwa kwenye mita za mwanzo, zikiwa bado zinatoka kwenye sanduku lake. Tazama hesabu: setilaiti mbili za kilo 1.5 kila moja, kwenye kimo cha kilomita 400, zikiwa zimefungwa kwa kamba ya mita 1,000, zinaikaza kamba hiyo kwa nguvu ya kama millinewtoni 3. Hiyo ni sawa na uzito wa punje kumi na kitu za mchele. Kamba ikiwa imetoka mita 10 tu, nguvu hiyo haitimizi hata punje moja. Ni kama sehemu yake ya kumi. Sasa fikiria msuguano wa reeli iliyokaa miezi kadhaa kwenye baridi na joto la anga, waya ulioshika umbo la mkunjo wake, au pini iliyotikiswa na roketi. Kimojawapo kikizidi nguvu hiyo, kamba haitoki. Ndiyo maana kila mtambo wa kufungulia unahitaji kitu cha kusukuma mwanzoni: springi, gesi, au kuizungusha setilaiti ili kamba irushwe nje.

Kwa hiyo swali la kuuliza mezani kabla ya jingine lolote ni hili: kamba ikitoka sentimita 50 na kugoma, tutakuwa na nini cha kuandika?

1. Uzi mkavu

Huu ni uzi usiopitisha umeme, kwa kawaida wa nyuzi imara za plastiki kama Spectra au Dyneema.

*Kazi.* Unaunganisha, basi. Lakini kuunganisha kuna faida zake. Unaweza kupima vitu kwenye vimo viwili kwa wakati mmoja, unaweza kusoma jinsi kamba inavyobembea, na unaweza kurusha mzigo bila roketi. Hilo la mwisho linavutia: kamba iliyotulia wima ikikatwa, chombo cha chini hushuka na cha juu hupanda, na baada ya nusu mzunguko tofauti ya vimo vyao hufika karibu mara 7 ya urefu wa kamba. Jaribio la SEDS-1 la Machi 1993 lilitumia kamba ya kilomita 20 kuurudisha mzigo wa kilo 26 kwenye angahewa kwa njia hiyo, likiwa abiria tu kwenye roketi ya Delta II iliyokuwa imebeba setilaiti ya GPS.

*Kufunguka.* SEDS walitumia bobini isiyozunguka. Uzi hutolewa kupitia kichwa cha bobini, hivyo hakuna kitu kizito cha kuanzisha mzunguko, na breki ni uzi wenyewe kuzungushwa kwenye mhimili mdogo unapotoka. Kwa macho yangu huu ndio mtindo wa kufungua wenye rekodi nzuri kuliko yote. YES2 ya shirika la anga la Ulaya, iliyojengwa kwa mikono mingi ya wanafunzi, ilitumia mtindo wa jinsi hiyo Septemba 2007 kutoka chombo cha Foton-M3, na uzi wake wa nusu milimita ukatoka wote: kilomita 31.7. Upande wa pili kuna MAST ya Aprili 2007, setilaiti tatu za mchemraba (CubeSat, zinazojengwa kwa vijisanduku vya sentimita 10) zilizotakiwa kuachana kwa kamba ya kilomita 1. Kamba haikufunguka.

*Obiti.* Yoyote. Uzi mkavu haujali uga sumaku wa dunia, kwa hiyo hata obiti ya kupita kwenye ncha za dunia, ambayo ndiyo inayopatikana kwa bei nafuu siku hizi, inaufaa. Unachojali ni vimondo vidogo na takataka za angani. SEDS-2 ya Machi 1994 ilikuwa na uzi wa unene wa milimita 0.75, nao ulikatwa na kitu kilichopita baada ya siku zisizotimia nne. TiPS ya maabara ya jeshi la majini la Marekani ilifunguliwa Juni 1996 kwenye kimo cha kilomita 1,022 ikiwa na uzi wa kilomita 4, unene wa milimita 2, uliojazwa nyuzi laini ndani ili uvimbe. Ulidumu kama miaka 10. Tofauti ya unene ni ndogo kwa macho, kwa umri ni kubwa mno: punje inayokata uzi wa nusu milimita huutoboa tu uzi uliovimba.

*Uendeshaji.* Hapa uzi mkavu una raha yake. Vyombo viwili vya TiPS, vilivyobatizwa Ralph na Norton, havikuwa na paneli za jua. Vilipambwa vioo vya kurudisha mwanga, na vituo vya leza vya ardhini vikafanya kazi ya kupima vilipo. Lakini usije ukadhani kipimo ni jambo dogo. YES2 walipomaliza jaribio, kihisi cha kuhesabu uzi kiliwaambia umetoka kilomita 8.5. Ni baadaye, walipochambua jinsi Foton yenyewe ilivyopanda kwa kama kilomita 1.3 kwenye obiti yake, ndipo ilipobainika kuwa uzi ulikuwa umetoka wote. Kapsuli yao haikuonekana tena. Ukichagua uzi mkavu, weka njia mbili za kujua urefu uliotoka, zisizotegemeana: kihisi kwenye bobini, na kamera au kipimo cha umbali kati ya vyombo viwili.

*Ikikwama.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Uzi ndio jaribio lote. Usipotoka, una setilaiti mbili zilizong'ang'aniana na picha ya kamera inayoonyesha hivyo.

*Inamfaa* timu yenye fundi wa mitambo hodari na muda wa kutosha wa kupima mtambo wa kufungulia, inayotaka jibu safi kuhusu mwendo wa kamba. Haimfai anayetaka data kila siku kwa mwaka mzima.

2. Waya wa umeme

*Kazi.* Waya mrefu unaokata uga sumaku wa dunia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde huzalisha volti. Ukiuruhusu mkondo upite, waya husukumwa kinyume na mwendo na setilaiti hushuka. Ukiulazimisha mkondo upite upande wa pili kwa nguvu ya paneli za jua, setilaiti hupanda. Hakuna mafuta yanayochomwa. Ndoto ya waya huu ni chombo kinachohama obiti bila kuishiwa, na ni ndoto yenye msingi: jaribio la PMG la Juni 1993, kwa waya wa mita 500 tu, lilionyesha mkondo ukienda pande zote mbili.

*Kufunguka.* Matatizo yote ya uzi mkavu yapo, na juu yake waya ni mgumu zaidi kuliko uzi na hukumbuka mkunjo wake. Ngozi ya kuzuia umeme nayo ni mtihani. Ile kamba ya 1996 ilipokatika ilikuwa inabeba volti kama 3,500. Cheche ilipenya mahali ngozi ilipokuwa na dosari, ikauchoma waya. Miradi midogo ya sasa huukwepa mtego huo kwa kutumia waya ulio uchi au utepe, unaokusanya elektroni kwa mwili wake wote, tena kwa volti chache zaidi kwa sababu ni mfupi. TEPCE ya maabara hiyo hiyo ya jeshi la majini ndiyo mfano wa kusoma kwa makini: setilaiti mbili ndogo, kila moja ya mchemraba mmoja na nusu, waya wa kilomita 1, na springi ndefu katikati ya kuzisukuma ziachane. Ilirushwa Juni 2019 kwa Falcon Heavy, waya ukafunguliwa Novemba, na Februari 2020 ilikuwa imeshashuka na kuungua.

*Obiti.* Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Volti unazopata hutegemea pembe ya obiti na ikweta. Kwa makadirio ya haraka, chukua volti zinazowezekana juu ya ikweta, karibu 200 kwa kila kilomita ya waya, uzizidishe kwa kosaini ya pembe hiyo. Obiti ya nyuzi 28.5 inakuachia karibu asilimia 88. Obiti ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, nyuzi 51.6, inakuachia kama asilimia 62. Obiti ya kufuata jua, ile inayopita karibu na ncha za dunia kwa nyuzi 98 hivi, inakuachia kama asilimia 14 tu, na hiyo ndiyo roketi nyingi za abiria zinakokwenda. Timu inayopanga waya wa umeme kisha ikanunua kiti cha bei nafuu kwenye obiti ya kufuata jua imejinyima jaribio lake yenyewe kabla ya kuanza.

Inauma kidogo ukikumbuka kuwa obiti nzuri kabisa kwa kazi hii ilikuwa ikipatikana pwani ya Kenya. Kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walirusha San Marco 2 mwaka 1967 na darubini ya Uhuru mwaka 1970, kwenye obiti zilizokaribia kulalia ikweta yenyewe. Urushaji wa mwisho wa setilaiti pale ulikuwa 1988. Kituo cha kufuatilia setilaiti kimebaki, roketi hazipo.

*Uendeshaji.* Ni mgumu kuliko wa wenzake wote wawili. Lazima mzunguko wa umeme ufungwe: elektroni ziingie upande mmoja na zitolewe upande wa pili, na kuzitoa kunahitaji kifaa maalumu. Mkondo hubadilika mchana na usiku kwa kuwa wingi wa plazma (gesi yenye chaji za umeme) kwenye ionosfia, tabaka la juu la angahewa, hubadilika. Na mbaya zaidi, mkondo ukiachwa uende wakati wote huichochea kamba ibembee, kila mzunguko kidogo zaidi, hadi ipoteze utulivu. Kwa hiyo mtu, au programu iliyo ndani ya setilaiti, lazima auwashe na kuuzima kwa mpangilio. Kama kituo chako kiko Nairobi au Dar es Salaam na setilaiti iko kimo cha kilomita 400, utaiona mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika zisizozidi 10 hivi. Huwezi kuliendesha jambo hili kwa mkono. Programu iamue yenyewe, wewe usome ilichoamua.

*Ikikwama.* Ajabu ni kwamba hapa waya wa umeme unaushinda uzi mkavu. Chombo cha mizigo cha Japani, HTV-6, kilibeba jaribio la KITE lenye kamba ya mita 700, mwishoni mwa 2016 hadi mapema 2017. Mzigo wa kwenye ncha ya kamba haukuachia, na hata mita moja haikutoka. Hata hivyo kifaa cha kutoa elektroni kilifanya kazi yake na kikatoa matokeo. ESTCube-1 ya wanafunzi wa Tartu, Estonia, setilaiti ya mchemraba mmoja iliyorushwa Mei 2013, nayo reeli yake ya waya wa mita 10 haikuzunguka. Lakini walijaribu vitoa elektroni vyao, na walikuwa wamefaulu kuizungusha setilaiti kwa kasi ya zaidi ya mizunguko miwili kwa sekunde, jambo ambalo si dogo kwa kijisanduku cha sentimita 10. Vifaa vya umeme ni majaribio yanayojitegemea. Ukivipanga vizuri, kila kimoja kitakupa ukurasa wake hata reeli ikigoma.

*Inamfaa* timu yenye watu wa plazma na elektroniki, yenye uhakika wa obiti ya pembe ndogo au angalau ya Kituo cha Anga, na yenye subira. Kuna pia njia ya kuanzia chini: Chuo Kikuu cha Michigan kilirusha MiTEE-1 Januari 2021 ikiwa na mhimili mgumu wa mita 1 badala ya kamba, ili kusoma mkondo wa plazma kwanza na kuuachia mradi wa baadaye shida ya kufungua kamba. Mimi naona huo ni uamuzi wa busara, ingawa haupendezi kwenye picha za magazetini.

3. Utepe wa kushushia

*Kazi.* Setilaiti ikimaliza kazi yake, utepe mrefu mwembamba unatoka. Hewa iliyobaki huko juu unaikamata, na kama unapitisha umeme unavutwa pia na uga sumaku. Setilaiti inashuka mapema. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipunguza muda wa kuondoa setilaiti za obiti ya chini kutoka miaka 25 hadi 5 baada ya kazi, kwa hiyo hitaji hili si la kinadharia.

*Kufunguka.* Utepe hukunjwa kama karatasi ndani ya kisanduku bapa kinachobandikwa ubavuni mwa setilaiti, kisha kifuniko husukumwa na kuondoka nao. Hakuna reeli. Terminator Tape ya mita 70 ya kampuni ya Tethers Unlimited ilipanda na Prox-1, setilaiti ya wanafunzi wa Georgia Tech, Juni 2019. Septemba kipima muda kikaamuru utepe utoke, na vituo vya ufuatiliaji vikaona setilaiti imeanza kushuka kwa kasi zaidi ya mara 24 ya awali.

Kuna ndugu yake, breki ya plazma, waya mwembamba kama unywele unaochajiwa ili uburute kwenye plazma. Wazo ni la Mfini Pekka Janhunen na ni zuri, ila bahati haijawa upande wake. Aalto-1 ya Finland, iliyorushwa 2017, ilibeba wa mita 100 nao haukutoka. ESTCube-2 ya 2023 haikuachana hata na roketi.

*Obiti.* Una maana kuanzia kimo cha kilomita 500 na kitu kwenda juu. Ukitupwa kutoka Kituo cha Anga, kwenye kilomita 400, setilaiti ndogo hushuka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na utepe utakuwa unashindana na kitu ambacho kingetokea bila gharama.

*Uendeshaji.* Karibu haupo. Kipima muda na betri yake, na kipimo kinafanywa na rada za watu wengine. Jambo moja tu la kukesha nalo: usitoke kabla ya wakati. Utepe uliotoka mwezi wa kwanza ni mradi mzima uliozikwa, kwa hiyo vizuizi viwe zaidi ya kimoja.

*Ikikwama.* Kazi kuu ya setilaiti ilishafanyika, na ripoti yako iko salama. Umebaki na deni la kuishusha.

*Inamfaa* timu ambayo shabaha yake ni kitu kingine, kama picha, mawasiliano au vipimo vya hali ya hewa, na inataka kamba iwe abiria.

Mambo yasiyochagua kamba

Njia ambayo nchi zetu zimeizoea ni ya Kituo cha Anga. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kupitia maabara ya Kibo ya Japani Mei 2018, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Kamba zimewahi kupita njia hiyo: STARS-C ya Chuo Kikuu cha Shizuoka mwaka 2016, na DESCENT ya Chuo Kikuu cha York cha Kanada mwaka 2020, zote za mita 100. Lakini jiandae kuulizwa maswali. Kamba inayofunguka ikiwa bado karibu na wanaanga ni hatari ya kweli, na wakaguzi watataka vizuizi kadhaa visivyotegemeana kabla haijaruhusiwa kutoka. Hofu hiyo ina historia: ProSEDS, jaribio la NASA la waya wa kilomita kadhaa, lilifutwa mwaka 2003 kwa kuhofia Kituo hicho hicho. Ukiomba waya wa kupandisha setilaiti kutoka chini ya Kituo, utapata jibu ambalo unaweza kulikisia.

Masafa ya redio yaanze kushughulikiwa mapema kupitia mdhibiti wa nchi yako, iwe ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, UCC au RURA, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, baada yake. Kumbuka ni vyombo viwili vinavyozungumza, na barua inayotaja kimoja itakurudisha nyuma.

Jingine ambalo timu hulisahau: mwambie anayefuatilia anga kabla ya kufungua. Chombo cha juu kwenye kamba kinakwenda kasi kuliko inavyostahili kwa kimo chake, cha chini kinakwenda polepole kuliko inavyostahili. Programu za ufuatiliaji, zinazodhani kila kitu kiko huru, huvikokotolea obiti zisizo zao, na zinaweza kutabiri kwamba cha chini kinakaribia kuanguka kumbe kimening'inia salama. Siku ya kufungua, acha mfuatano uendeshwe na setilaiti yenyewe, lakini uuanzishe ili dakika za kwanza ziangukie juu ya kituo chako. Mtandao wa SatNOGS wa antena za watu wa kujitolea utakusaidia kusikia kinachofuata upande wa pili wa dunia.

Kwa hali yako

Kama hii ni setilaiti yenu ya kwanza na mfadhili anataka kuona matokeo, kamba isiwe kazi kuu. Weka utepe wa kushushia kama obiti ni ya juu. Kama ni ya Kituo cha Anga, acha kamba kwa safari ijayo.

Kama mmesharusha moja, mna kituo kinachofanya kazi, na mnataka utafiti wa mwendo, chukueni uzi mkavu wa mita 100 hadi 1,000, bobini isiyozunguka, springi ya kutosha na kamera inayoutazama mdomo wa bobini. Ufanyeni mnene ikiwa mnataka udumu, mwembamba ikiwa mnataka siku chache tu.

Kama mna watu wa plazma lakini kiti mlichopata kinakwenda obiti ya kufuata jua, msilazimishe waya wa kusukuma. Chukueni mhimili mgumu mfupi au breki ya plazma, ambavyo havitegemei sana pembe ya obiti. Mkipata obiti chini ya nyuzi 30, hapo waya wa umeme una haki yake, na TEPCE ndiyo ya kuigwa kwanza.

Na kama hamjapata roketi kabisa, pesa zilizopo ziwekwe kwenye mtambo wa kufungulia. Upimeni kwenye meza ya hewa isiyo na msuguano, kwenye chemba ya ombwe ikiwa baridi, na baada ya kuutikisa kwa kiwango cha roketi, kwa mpangilio huo. Wajapani walijaribu utepe wao wa T-Rex mwaka 2010 kwa roketi ndogo ya utafiti isiyofika hata kwenye obiti, wakapata zaidi ya mita 100 za utepe uliofunguka ndani ya safari ya dakika chache.